Misumari ya Dhahabu ya Mapungubwe

Msumari wenyewe ni mdogo kiasi kwamba ukidondoka kwenye mkeka utautafuta kwa kupapasa, si kwa macho. Una kichwa, una shina, una ncha iliyochongoka, sawa na msumari wowote wa fundi seremala. Ila huu ni wa dhahabu. Ulifuliwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, kwenye kilima cha mawe karibu na mahali mto Shashe unapoungana na mto Limpopo, pale ambapo leo Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe zinapakana. Kazi yake ilikuwa kushikiza bamba jembamba la dhahabu kwenye kitu kilichochongwa kwa mti.

Wengi waliosikia habari za Mapungubwe wanaijua kwa sababu ya kifaru. Ni sanamu yenye urefu wa sentimita 15 hivi, na dhahabu yake yote haizidi uzito wa gramu 42 au karibu na hapo. Kichwa kimeinama, mabega yamejaa, miguu mifupi imejikita chini. Ndiye aliyewekwa kwenye Nishani ya Mapungubwe, nishani ya juu kabisa ya Afrika Kusini, ambayo Nelson Mandela alitunukiwa mwaka 2002 ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Anastahili heshima hiyo yote. Lakini kifaru huyo asingekuwapo bila misumari, na mimi naamini kwamba mtu anayetaka kuwajua watu wa Mapungubwe aanze na misumari hiyo. Humo ndimo unamokutana na fundi akiwa kazini.

Chukua kwanza jambo ambalo sonara yeyote wa Kariakoo au wa Mombasa analijua: dhahabu safi ni laini. Ukiigonga inatanuka, ukiikunja inakunjika. Fundi wa Mapungubwe aliifua kwa nyundo mpaka ikawa bamba lenye unene usiozidi nusu milimita. Kazi hiyo haifanywi kwa pumzi moja. Dhahabu ikipigwa sana hukakamaa, na ukilazimisha kuendelea kingo zinapasuka, kwa hiyo sharti irudishwe motoni ilainike, ipoe, ndipo nyundo ianze tena. Bamba pana, la unene mmoja, lisilo na ufa, linatoka mkononi mwa mtu aliyejifunza kwa aliyemtangulia na aliyekwisha kuharibu mabamba mengi kabla ya hilo.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja kazi ya kuvisha. Mwili wa kifaru ulivishwa bamba lililofuata mikunjo ya mti uliochongwa. Masikio yalikatwa peke yake, na pembe peke yake. Mkia haukufanywa kwa bamba. Ni kipande kizima cha dhahabu, mviringo. Kandokando ya mabamba yale kuna matundu madogo yaliyopangwa, na kila tundu lilipokea msumari wake.

Fikiria ugumu wake. Msumari wa chuma ukiupiga kwenye mti unaingia kwa sababu chuma ni kigumu kuliko mti. Msumari wa dhahabu hauna ubavu huo. Ukiupiga kwa nguvu unapinda, na ukishapinda umeharibu bamba ulilohangaika nalo siku nzima. Kwa hiyo lazima mti uwe laini, na njia ya msumari iwe imeandaliwa kabla, kisha msumari uingizwe kwa kugongwa kidogokidogo. Fundi angeweza kutumia misumari ya chuma au ya shaba. Watu hawa walijua kuyeyusha na kufua chuma na shaba, na walikuwa na vitu vingi vya metali hizo. Wangeokoa muda na wangeokoa dhahabu. Hawakufanya hivyo. Kile kinachoshikiza dhahabu nacho kikatakiwa kiwe dhahabu, na vichwa vya misumari vikabaki juu vikionekana, vikiwa sehemu ya pambo.

Wasomaji waliokulia Unguja au Lamu hawahitaji maelezo marefu hapa. Ukisimama mbele ya mlango wa nakshi Mji Mkongwe, misumari mikubwa ya shaba iliyopangwa safu kwa safu ndiyo ya kwanza kulivuta jicho lako, hata kabla hujaanza kuifuata michoro ya mti. Njumu ni kazi na ni pambo kwa wakati mmoja. Sisemi kwamba mafundi wa Limpopo na mafundi wa milango ya Zanzibar walifundishana. Kati yao kuna karne nyingi na safari ndefu. Nasema tu kwamba jicho lililozoea milango yetu litaielewa kazi ya Mapungubwe haraka.

Mti ukaoza. Hilo ndilo lililotokea kila mahali kwenye udongo ule: mchwa na unyevu vilimla kifaru wa mti aliyekuwa ndani, vikaacha ngozi yake ya dhahabu bila kitu cha kuishikilia. Bamba likabonyea, misumari ikaachia, na vyote vikalala pamoja na mifupa ya mtu aliyezikwa navyo. Dhahabu haishiki kutu. Ikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka 600.

Wenyeji wa eneo hilo walijua kwamba kilima kile si mahali pa kuchezea. Maandishi ya miaka ya 1930 yanaeleza kwamba wengine walikuwa hawataki hata kukinyooshea kidole. Kina kuta za mawe zilizosimama wima, na njia ya kupanda ilikuwa ufa mwembamba uliofichwa na miti, ambamo watu wa kale walitoboa mashimo yanayotazamana kwenye kuta mbili ili kupitisha vijiti vya kukanyagia. Siku ya mwisho ya mwaka 1932, mkulima mmoja Mzungu aliyeitwa Van Graan, mwanawe Jerry, na wenzao watatu walionyeshwa njia hiyo na mwenyeji mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa hofu. Wakapanda.

Juu walikuta vigae, chuma, shanga za kioo na vipande vya dhahabu. Wakaanza kuchokora udongo kwa visu. Yakatoka mabamba, mengine yakiwa bado na umbo, na baadaye ilieleweka kwamba ni mabaki ya vifaru vidogo. Misumari ikatoka kwa makumi. Siku iliyofuata, siku ya kwanza ya mwaka 1933, walifika kwenye mifupa ya binadamu, nayo ilipopigwa na hewa ikasagika karibu yote. Watu watano wakagawana dhahabu.

Hapa historia ilikuwa ukingoni mwa kupotea kabisa. Dhahabu iliyogawanywa mafungu matano huishia kwa watu watano, na kila mmoja ana sonara wake. Aliyeiokoa ni Jerry van Graan, ambaye alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Pretoria. Moyo wake haukutulia. Alimpelekea habari na baadhi ya vitu Profesa Leo Fouché, aliyekuwa mwalimu wake wa historia, na chuo kikachukua hatua haraka: vitu vikakusanywa, shamba lililoitwa Greefswald likanunuliwa na serikali, na uchimbaji wa kitaalamu ukaanza. Kwenye kilele cha kilima yakapatikana makaburi zaidi ya 20. Matatu kati yake yalikuwa na dhahabu nyingi, na waliozikwa humo walikuwa wameketishwa. Mbali na kifaru kulikuwa na bakuli na fimbo ya enzi, navyo vilikuwa vya mti uliovishwa dhahabu. Kulikuwa na bangili za uzi wa dhahabu uliosokotwa na shanga za dhahabu kwa maelfu. Kulikuwa pia na vipande vya wanyama wengine, mmoja wa jamii ya ng'ombe na mwingine wa jamii ya paka.

Kwa nini naichukulia ile misumari kwa uzito namna hii? Kwa sababu kaskazini ya Limpopo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, misumari kama hiyo ilikuwapo, na sehemu kubwa yake haipo tena. Mwaka 1895 iliundwa kampuni iliyoitwa Ancient Ruins Company, kwa kibali cha kampuni ya Cecil Rhodes, British South Africa Company. Biashara yake ilikuwa moja: kuchimbua magofu ya mawe na kutoa dhahabu. Wakapita kwenye magofu mengi, wakafungua makaburi, wakatupa vigae, chuma na mifupa, wakachukua kinachong'aa. Shanga, mabamba na misumari vilipimwa kwa mizani na vingi vikayeyushwa. W. G. Neal, mmoja wa waliokuwa wakiiendesha kazi hiyo, alishirikiana na R. N. Hall kuandika kitabu kuhusu magofu hayo, kikatoka mwaka 1902, na ndani yake misumari ya dhahabu inatajwa. Kwa hiyo ushahidi kwamba ufundi huu ulienea mbali tunaupata kwa mikono ya watu walewale walioufuta. Jambo hili linaniuma kila ninapolifikiria. Jiwe lililobomolewa linaweza kupangwa upya. Msumari ukishayeyushwa unakuwa wakia ya dhahabu, haina mahali ilipotoka wala aliyeifua.

Sisi tuliosomea historia kwenye shule za Tanzania na Kenya tulifundishwa habari hii kutoka upande wa bahari. Dhahabu inatoka bara, inafika Sofala, inapanda jahazi, inakwenda Kilwa, na Kilwa inatajirika. Hayo ni kweli. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani ya Zenji katika karne ya 10, aliandika habari za dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alielezwa na mfanyabiashara mmoja kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba vumbi la dhahabu lilifika Sofala likitoka mahali palipoitwa Yufi, mwendo wa mwezi mzima kuingia bara. Alimkuta sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye jina lake linahusishwa na jumba la Husuni Kubwa, na sarafu moja ya Kilwa yenye jina lake ilikuja kupatikana katika magofu ya Great Zimbabwe. Uzi unaounganisha kuta za Kilwa Kisiwani na nyanda za kusini unashikika.

Lakini simulizi hiyo ina kasoro, na kasoro hiyo imetukaa vichwani. Inaifanya dhahabu ianze kuwa na thamani inapofika ufukweni. Huko ilikotoka inaonekana kama kitu kilichokuwa kikiokotwa mitoni na watu waliokuwa wakingoja mnunuzi. Mapungubwe inakataa. Mji huo ulistawi kati ya mwaka 1220 na 1300 hivi, kabla Ibn Battuta hajazaliwa. Watafiti hukadiria kwamba uliwahi kuwa na watu 5,000. Mtawala aliishi juu ya kilima na watu wa kawaida wakaishi chini, na mwanaakiolojia Thomas Huffman aliona katika mpangilio huo mwanzo wa ufalme wa aina yake kusini mwa Afrika, ambapo mfalme alitengwa na raia wake kwa mahali anapokaa na kwa heshima takatifu aliyopewa. Watu hao walifanya biashara na pwani: pembe za ndovu na dhahabu zilitoka, vitambaa na shanga za kioo zikaingia kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Na bado sehemu ya dhahabu waliibakiza. Wakaifua mabamba, wakatengeneza misumari, wakavisha sanamu, na wakazika yote hayo pamoja na wakubwa wao, mahali ambapo hakuna mnunuzi angefika.

Hata shanga zilizotoka ng'ambo hawakuzipokea zilivyo. Kwenye kijiji kilichotangulia, ambacho wanaakiolojia wanakiita K2, kilomita moja hivi kutoka kilima cha Mapungubwe, mafundi walichukua shanga ndogo za kioo zilizotoka pwani, wakaziyeyusha, wakazimimina katika kalibu za udongo na kutengeneza shanga kubwa, nene, walizozitaka wao. Vipande vya kalibu vimepatikana. Kwa hiyo miaka mingi kabla ya kifaru, watu wa bonde hilo walikuwa wamezoea kuchukua mali ya mfanyabiashara na kuigeuza ifuate ladha ya nyumbani. Misumari ya dhahabu ilitoka kwenye mkono uliokwisha kuzoea hivyo.

Kuna walioona vigumu kulikubali hilo. Kifaru ana pembe moja, na kifaru wa Afrika ana mbili. Basi wakatokea waliosema lazima umbo lake liliigwa kutoka Asia, ambako kuna kifaru wa pembe moja. Hoja hiyo inapuuza vingi. Mti umeoza, mabamba yalikutwa yamebonyea na kutawanyika, na waliochimba mwanzo walikuwa wakichokora kwa visu. Sanamu tunayoiona leo imeungwa upya. Zaidi ya hayo, namna ya kutengeneza, yaani bamba, matundu na misumari, ni ileile ya bakuli na fimbo ya enzi, na ni ileile ya vitu vilivyoporwa kaskazini. Ukifuata msumari badala ya pembe, unarudi Afrika kila mara.

Wengine walikwenda kwenye mifupa. Ripoti ya kwanza ya Fouché, iliyochapishwa mwaka 1937, ilisema wazi kwenye jina lake kwamba huu ni ustaarabu wa kale wa Wabantu. Ndani ya kitabu hichohicho, Alexander Galloway aliyepima mifupa akadai kwamba watu waliozikwa pale hawakuwa wa asili hiyo. Madai hayo yalikuja kukataliwa na wataalamu waliofuata, lakini yalifaa sana kwa wakati wake. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilipoingia madarakani mwaka 1948, watoto wa shule walikuwa wakifundishwa kwamba Wazungu na Waafrika waliingia Afrika Kusini karibu wakati mmoja, katika karne ya 17, na kwamba nchi ilikuwa tupu. Msumari wa karne ya 13 hauingii katika somo la namna hiyo. Mapungubwe ikabaki kuwa jambo la wataalamu, na katika miaka ya 1970 eneo lenyewe likawa chini ya jeshi. Hazina hiyo ilikaa chuoni Pretoria, na umma ulianza kuiona vizuri katika makumbusho ya chuo kuanzia mwaka 2000. Mwaka 2003 UNESCO iliiingiza Mapungubwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2016 sanamu za dhahabu zikasafiri hadi London kwa maonyesho ya sanaa ya Afrika Kusini katika British Museum.

Hebu pima. Mtu mwenye umri wa miaka 60 aliyezaliwa kijiji cha karibu na Limpopo angeweza kumaliza shule, kuoa, kulea na kustaafu bila kuambiwa na mwalimu yeyote kwamba karibu na kwao palikuwa na wafua dhahabu wa daraja hilo. Hilo halikusababishwa na uchache wa ushahidi. Misumari ilikuwa kwenye visanduku, imehesabiwa, ina namba.

Mnamo Novemba 2007 mifupa iliyochukuliwa kutoka Mapungubwe na maeneo jirani ilirudishwa na kuzikwa upya, baada ya jamii kadhaa zinazojitambua kuwa wazao wa mahali hapo kudai wakubwa wao warudi. Ilikuwa haki, na ilichelewa. Kifaru, bakuli, fimbo ya enzi na misumari yake havikwenda nao. Hazina ya dhahabu ilibaki Pretoria.

Nimewasikia watu wenye busara wakitetea hilo, na hoja zao si nyepesi. Dhahabu ikirudishwa ardhini kilimani itachimbuliwa na wezi kabla mwaka haujaisha. Kizazi kilichonyimwa historia yake kina haki ya kuiona kwa macho. Bamba la nusu milimita linahitaji chumba chenye hewa inayodhibitiwa na watu waliofunzwa kulishika. Nakubaliana na hayo yote. Ninachokataa ni mazoea ya kuyamaliza mazungumzo hapo, kana kwamba usalama wa kitu na umiliki wake ni jambo moja. Vitu hivi havikuachwa na wenyewe kwa bahati mbaya. Viliwekwa makusudi kaburini, kando ya mtu aliyejulikana kwa jina na ukoo, na waliovichukua mwaka 1933 hawakumwomba yeyote ruhusa. Chuo kinaweza kuendelea kuvitunza na hapo hapo wazao wakawa ndio wenye kauli: vionyeshwe wapi, visafiri lini, nani aguse, nini kisemwe kwenye kibao cha maelezo. Makubaliano ya namna hiyo yanawezekana, na yanafaa yaandikwe sasa, wakati wazee walioshuhudia mazishi ya mwaka 2007 bado wapo wa kuulizwa.